Sampuli ya Saba

Arua bado inapiga miayo ninapofika bomba la kwanza,
mlangoni mwa kituo cha polisi.
Nayaacha maji yatiririke dakika mbili,
nauchoma mdomo wa chuma kwa moto wa spiriti.
Askari wa zamu hucheka kila Jumatatu:
“Letaru, bomba limekukosea nini?”

Kidonge kimoja, punje ya ufuta.
Natikisa. Maji yanaona haya,
yanageuka waridi.
Waridi ndiyo habari njema:
klorini haijalala, bado iko lindoni.
Hospitali, waridi. Soko, waridi.
Shule ya msingi, waridi hata pale
ambapo watoto wameng’oa koki
wakaweka kijiti.

Ya saba iko bondeni,
mwisho wa bomba, ambapo jiji linaishia bila kuaga.
Ni uani kwa mama.

Mama huchemsha. Miaka tisa nimevaa koti jeupe,
miaka tisa sufuria yake nyeusi haijapoa.
Kuni anunua, moshi anameza,
nami namwambia, mama, maji haya nimeyapima mwenyewe.
“Wewe nakuamini,” hunijibu.
“Hilo bomba ndilo silijui kwao.”

Jumatatu ile natikisa, nasubiri.
Natikisa tena.
Hayakugeuka.
Yalikaa chupani maangavu, mazuri,
ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.
Katika sampuli zote saba
hakuna yaliyopendeza kama hayo.

Nikayalaza kwenye joto usiku kucha.
Asubuhi, vidoto vya manjano
kama mtama uliomwagika kitambaani.
Nikavihesabu kwa ncha ya kalamu: kumi na tisa.
Kinachoruhusiwa ni sifuri.
Bwana Ondoga akavua miwani:
“Rudia. Labda hukuchoma bomba vizuri.”
Nikarudia. Ishirini na tatu.
“Basi tuandike *uchunguzi unaendelea*.”

Nikaenda kuutafuta huo uchunguzi kwa miguu.
Ilikuwa Januari, bonde lote limekauka, vumbi hadi kopeni,
ila nyuma ya choo cha mzee Adriko
kiraka cha majani mabichi, laini,
na mbuzi wake watatu wamenenepa juu yake.
Tangu Krismasi mtaa mzima
ulikuwa ukikiita baraka.

Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono.
Kiungo cha bomba, mpira umepasuka.
Maji yakija, yanavuja.
Umeme ukikatika, pampu inanyamaza,
na bomba tupu, kama mtoto mwenye njaa,
hunyonya chochote kilicho karibu na mdomo.

Mwaka jana, nyumba ya tatu kutoka kwetu,
walimzika kitoto cha miezi minane. Kuhara.
Sijui. Nasema kweli, sijui.
Hakuna aliyepima wiki ile,
na nilikuwa likizo.

Kitabuni niliandika 23, kwa wino,
nikarudia juu yake mpaka karatasi ikatoboka kidogo.
Kisha nikapita nyumba kwa nyumba:
chemsheni, chemsheni hata ya kusukutua.
Mwanamke mmoja akaniuliza, “Kuni utatununulia?”
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na koti.

Mama hakusema *nilikwambia*.
Alisogea tu pale jikoni, akanipa nafasi,
akanipa na kipande cha boksi cha kupepea.
Moshi ulitutoa machozi sote wawili,
tukasingizia moshi.

Mafundi walikuja Alhamisi, na mpira mpya
na kelele za mashimo.
Jumatatu iliyofuata kidonge kiliyeyuka bondeni,
nikasubiri, nikasubiri,
na rangi ikaja, hafifu,
kama kucha ya mtoto mchanga.

Nilimwonyesha mama chupa.
Akaiinua juani, akaitazama pande zote,
akasema rangi ni nzuri,
akaenda kuongeza kuni.